Mkasi nao una umri? Tuelewane kuhusu kuombwa kitambulisho dukani

Mama wa miaka arobaini na kitu amesimama kwenye mashine ya kujilipia mwenyewe, amepitisha sabuni, amepitisha dawa ya mswaki, akapitisha na mkasi mdogo wa mtoto wake wa shule, hapohapo taa ya juu ikageuka nyekundu na skrini ikaandika subiri mhudumu. Foleni nyuma inaguna. Mhudumu akaja, kijana wa kama miaka 19 hivi, akamtupia jicho nusu sekunde, akabonyeza kitu, akaondoka bila neno. Mama kabaki na maswali mawili, hivi mkasi nao una umri? Na kama unao, huyu mtoto amejuaje mimi nimefikisha wakati hata hajaniuliza kitu?

Maswali kama haya watu wanaulizana sana, na majibu wanayopeana yamevurugika kweli, mmoja anasema ni sheria, mwingine anasema ni ubabe wa maduka, wa tatu anasema wanakusanya taarifa zetu. Mimi nimewahi kukaa upande wa pili wa kaunta, nimewaomba vitambulisho watu wakubwa kuliko baba yangu, nimetukanwa pia, kwahiyo naomba tulipange hili jambo taratibu maana linaumiza watu wa pande zote mbili bila sababu.

Tuanze na maneno. Mtu akisema "umri wa kununua" anaweza kuwa anazungumzia vitu vitatu tofauti na hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Cha kwanza ni umri wa sheria, yaani serikali imeandika kwamba kuuza kitu fulani kwa mtu aliye chini ya miaka kadhaa ni kosa. Cha pili ni umri wa kuulizwa, ambao ni namba kubwa zaidi ambayo duka limejiwekea, ukionekana uko chini ya hapo wanakuomba uthibitishe. Cha tatu ni alama iliyowekwa kwenye mfumo wa kompyuta wa duka, kwamba bidhaa fulani ikipita tu mashine isimame. Hivi vitatu vinaishi nyumba moja ila havifanani, na keshia anapokwambia "samahani ni sheria" saa nyingine anamaanisha cha kwanza, saa nyingine cha pili, na mara nyingi yeye mwenyewe hakuelezwa tofauti siku ya mafunzo.

Umri wa sheria ndio rahisi kuuelewa ila unashangaza ukiona orodha yake. Watu wanawaza pombe na sigara basi. Chukua Uingereza, ambako haya mambo yameandikwa kwa kina sana. Pombe miaka 18, sigara 18 (ilikuwa 16 mpaka Oktoba 2007), fataki 18, gesi ya kujazia viberiti 18, kopo la rangi ya kupuliza 16, na hata ile mirija ya karatasi ya Krismasi ambayo watu wawili wanavutana mezani mpaka inapasuka paa, nayo ina umri, miaka 12, maana ndani kuna baruti kidogo. Kisu ni 18 pale England na Wales, lakini ukivuka kwenda Scotland kisu cha jikoni mtu wa 16 anauziwa. Nchi ileile, kisu kilekile. Kwahiyo mtu akikwambia "umri wa kununua kisu ni kadhaa" muulize kwanza wapi.

Na kila kitu hapo kina sababu yake, sio mtu alikaa ofisini akabuni. Gesi ya viberiti kwa sababu watoto walikuwa wanaivuta na inaua, rangi ya kupuliza kwa sababu ya kuchafua kuta, visu kwa sababu ya vijana kuchomana mitaani.

Jambo lingine ambalo watu hawalijui, umri wa bidhaa na umri wa kuwa mtu mzima havifungani. Japani walishusha umri wa utu uzima kutoka 20 kwenda 18 mwezi Aprili 2022, unaweza kusaini mkataba wako mwenyewe wa simu, ila pombe na sigara zikabaki 20 kama zamani. Marekani mtu wa 18 anapiga kura, anaingia jeshini, lakini sigara tangu Desemba 2019 ni 21 nchi nzima. Kwahiyo lile neno la "mimi ni mtu mzima bwana" halitatui kitu pale kaunta hata kama ni kweli.

Sasa tuje kwenye ile namba ya pili, maana hii ndio inayochoma watu moyo. Umeona bango limeandikwa kama unaonekana chini ya miaka 25 tutakuomba kitambulisho, unashangaa, umri si 18? Kwa nini 25? Watu wengi wanaamini kabisa kwamba sheria imepanda kimyakimya kuwa 25. Haijapanda. Mpango huu unaitwa Challenge 25, ulianzia kwa wauza pombe wa Uingereza wenyewe mwaka 2009, na kabla yake ulikuwepo wa 21.

Fikiria fundi cherehani. Akikupima kiuno hakati kitambaa pale pale kwenye alama ya chaki, anaacha vidole viwili vya mshono, maana anajua mkasi unaweza kuteleza na kitambaa kikishakatwa pungufu hakirudi. Hiyo miaka saba kati ya 18 na 25 ni mshono. Uso wa mtu hausomeki kama saa ya ukutani. Yupo wa 15 mwenye ndevu na sauti nzito, yupo wa 24 anayeonekana bado yuko sekondari, halafu ongeza mekapu, kofia, taa za dukani, na keshia ambaye ameangalia nyuso mia tatu tangu asubuhi. Ukimwambia keshia uliza wale tu unaodhani hawajafika 18, atakosea kila siku, kwa sababu anatakiwa akisie palepale kwenye mstari. Ukimwambia uliza kila anayeonekana chini ya 25, makosa yake yanaangukia kwenye mshono, anamwuliza mtu wa 27 bila sababu, anamwomba radhi, basi, hakuna aliyeumia. Mtu wa 16 kupita hapo inabidi aonekane ana 25, na hiyo ni ngumu zaidi.

Kwahiyo ukiwa na 22 na ukaombwa, hakuna aliyekwambia wewe ni mtoto. Ukionyesha unauziwa. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wanaondoka wamevimba kabisa wakiamini wamedharauliwa.

Hapa kuna kona moja. Kuna sehemu hiyo namba ya mshono yenyewe imefanywa sheria. Scotland tangu Oktoba 2011 kila anayeuza pombe lazima awe na utaratibu wa kuuliza wanaoonekana chini ya 25, sio hiari tena. England na Wales sheria inadai duka la pombe liwe na sera ya kukagua umri, ila haisemi lazima iwe 25, duka likitaka 21 sawa, likitaka kuuliza tangu 18 sawa. Marekani kwenye sigara, mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, tangu Septemba 30, 2024 inamtaka muuzaji akague kitambulisho chenye picha cha kila mnunuzi aliye chini ya miaka 30, kabla ya hapo ilikuwa chini ya 27. Umri wa kuuziwa ni 21 ila wa kukaguliwa ni 30, mshono wa miaka tisa.

Na hebu tuongee kuhusu yule anayekuuliza, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Watu wengi wanadhani akikosea, duka ndilo linalolipa. Kwenye pombe huko England, keshia mwenyewe, yule aliyepokea hela na kubonyeza, anaweza kupigwa faini ya papo hapo ya pauni 90 kwa kumuuzia aliye chini ya 18, na kesi ikifika mahakamani inakuwa kubwa zaidi. Duka linaweza kusimamishiwa leseni. Na mara nyingi keshia anafukuzwa kazi kabla hata faini haijafika. Halafu kuna wanunuzi wa majaribio, yaani maofisa wanamtuma kijana wa 16 au 17, mstaarabu tu, anaingia na kuchukua chupa na kwenda kaunta kama wengine. Keshia hajui ni yupi. Kila uso mchanga unaopita mbele yake unaweza kuwa mtihani.

Mimi siku ya kwanza nilikuwa na mkono unatetemeka. Kwenye skrini pale mbele, ukipitisha chupa, inatokea tarehe kubwa, mteja awe amezaliwa siku hii au kabla, na wewe unachukua kitambulisho cha mtu unatafuta tarehe ndogo iko wapi, kila kadi imeiweka pake, nyingine mwezi unatangulia siku, watu watano nyuma wanakutazama, na mwenye kadi anakwambia "kwani hunioni?". Unalinganisha mwaka, ukilingana unalinganisha mwezi, ukilingana unalinganisha siku. Kisha unatazama picha, unatazama uso. Sekunde kumi tu hizo, ila ukiwa mgeni ni ndefu sana. Na ukimkataa mtu unaandika kwenye daftari la waliokataliwa, saa ngapi, bidhaa gani, mtu alifananaje, kwa sababu siku wakaguzi wakija hilo daftari ndio ushahidi wa duka kwamba tunajitahidi. Msimamizi aliniambia tukiwa stoo, "daftari likiwa tupu mwezi mzima, hapo ndipo wanapoanza kutushuku". Sijalisahau hilo.

Sasa ile namba ya tatu, taa nyekundu. Mashine haijui wewe ni nani na haijakuangalia, imesoma bakodi tu. Mtu wa makao makuu aliyepanga bidhaa kwenye mfumo aliweka alama ya umri kwenye kundi, labda kundi zima la vitu vyenye ncha au makali, na mkasi wa mtoto ukaangukia humo pamoja na visu vya nyama. Ndio maana utasikia mtu kasimamishwa kwa uma au kijiko, kimeuzwa seti moja na visu. Maduka huwa yanaona ni heri alama izidi kuliko ipungue, kwa sababu kijiko kilichosimamishwa kinapoteza dakika moja ila kisu kilichopita kinaleta mahakama. Mimi naona wangeweza kupanga vizuri zaidi, nasema wazi, dakika ya mteja nayo ni kitu.

Mfano mzuri kuliko yote wa hivi vitu kuchanganyika ulitokea New York. Jimbo lilipitisha sheria iliyoanza Novemba 2021, marufuku kumuuzia mtu chini ya 21 vile vichupa vidogo vya chuma vyenye gesi ya nitrasi oksidi vinavyotumika kupigia krimu, kwa sababu vijana walikuwa wanaivuta hiyo gesi kulewa. Mwaka uliofuata maduka yakaanza kuomba kitambulisho kwa mtu anayenunua kopo la krimu ya kawaida ya kuweka juu ya keki, mabango yakabandikwa kwenye friji, watu wakachanganyikiwa, habari ikazunguka dunia kwamba Marekani krimu sasa ni kama bia. Ikabidi seneta wa jimbo hilo, Joseph Addabbo, aliyeipeleka ile sheria, atoke kufafanua kwamba ilikuwa inahusu vichupa vya gesi peke yake na makopo ya krimu hayamo. Unaona safari yake? Sheria ilisema kitu kimoja, maduka kwa kuogopa yakapanua, mteja akaambiwa ni sheria. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi.

Kinyume chake kipo pia. Vinywaji vya kuongeza nguvu, vile vyenye kafeini nyingi. Mwaka 2018 maduka makubwa ya Uingereza yaliamua yenyewe kutowauzia watoto chini ya 16 vinywaji vyenye kafeini zaidi ya miligramu 150 kwa lita, na wakati huo hapakuwa na sheria iliyowalazimisha. Lithuania walishaweka sheria kabisa tangu 2014, chini ya 18 huuziwi, na Poland nao wakaweka 18 kuanzia Januari 2024. Kopo moja, sehemu moja ni uamuzi wa duka, sehemu nyingine ni kosa la kisheria, na mtoto anayekataliwa haoni tofauti yoyote.

Je duka lina haki kweli ya kunikatalia wakati sheria inaniruhusu? Kwa sehemu nyingi ndio, duka linaweza kuamua kutouza ilimradi halikubagui kwa mambo yaliyokatazwa kama rangi au dini. Umri wa sheria unamkataza keshia kuuza kwa aliye chini yake, haumlazimishi kumuuzia kila aliye juu. Hii inauma kuisikia najua.

Kuna imani nyingine kwamba popote unapoombwa kitambulisho basi ni umri. Hapana. Dawa za mafua zenye sudoefedrini huko Marekani zinakaa nyuma ya kaunta, unatoa kitambulisho, unasaini, hata ukiwa na miaka 80, kwa sababu kuna sheria ya mwaka 2005 ya kupambana na methamfetamini, watu walikuwa wananunua hizo dawa kwa wingi kwenda kupika mihadarati. Kinachohesabiwa pale ni gramu, mwisho 3.6 kwa siku. Na palepale jirani kuna dawa ya kikohozi yenye dekstromethofani ambayo California tangu 2012 haiuzwi kwa aliye chini ya 18, hiyo sasa ndio umri. Rafu moja, kikohozi kimoja, sababu mbili. Vivyo hivyo parasetamoli Uingereza, tangu 1998 sheria inabana idadi ya vidonge kwenye pakiti, 16 kwa duka la kawaida, kuokoa watu wanaotaka kujidhuru, umri haumo kwenye hiyo sheria ila maduka mengi yamejiwekea wenyewe 16.

Wazazi nao wana yao. Mama ameenda na kijana wake wa 17, chupa ya mvinyo ni ya mama, hela ni za mama, keshia anakataa. Mama anawaka. Ila angalia keshia anaona nini. Kumnunulia pombe aliye chini ya umri ni kosa pia huko Uingereza, na keshia akiona dalili kwamba chupa ni ya kijana, labda kijana ndiye aliyeibeba, ndiye aliyeichagua, ndiye aliyetoa pochi, anatakiwa asite. Kama mtoto wa miaka saba ameshika sketi ya mama yake hakuna keshia mwenye akili anayefikiri chupa ni ya mtoto. Wapo wanaokataa hata hapo, na hapo naona wanakosea, wameshika maneno ya mafunzo wakaacha maana yake.

Picha ya kitambulisho kwenye simu je? Wengi wanakataa na wana hoja. Kadi halisi unaipinda kidogo, unaona ile nembo inayong'aa na kubadilika rangi, unapapasa kingo kama zimebandikwa. Picha ya simu haina hayo, na tarehe kwenye picha anabadilisha hata mtoto wa darasa la tano. Kitambulisho cha kidijitali ambacho kimetengenezwa na mamlaka, ambacho mashine inaweza kukihakiki, hicho ni kitu kingine kabisa.

La mwisho ni kamera zinazokisia umri, maana hizi zinatisha watu. Uingereza zilijaribiwa kwenye supamaketi kadhaa mwaka 2022. Kukisia umri na kutambua mtu ni kazi mbili. Kutambua ni kama polisi ana albamu ya picha, anakushika kidevu na kutafuta wewe ni yupi kati ya hao. Kukisia ni kama muuza viatu anayeangalia mguu akasema huyu saizi 42, jina lako halijui na halihitaji. Mfumo unaangalia uso, unatoa namba, tuseme 31, basi. Nao unakosea, ndio maana nao uliwekewa mshono uleule wa 25, na kwenye yale majaribio ya pombe neno la mwisho lilibaki kwa mhudumu. Ila swali la picha inafutwa lini na nani amehakikisha imefutwa ni swali halali kabisa, na duka likishindwa kulijibu kwa sentensi mbili pale mlangoni mimi uso wangu siwapi, nitatoa kadi. Na hata kadi, kuiangalia ni kitu kimoja, kuiskani ni kingine. Leseni za udereva za Marekani zina bakodi nyuma yenye jina na anwani yako yote, kwahiyo ukiona inapitishwa kwenye mashine una haki ya kuuliza wanabaki na nini.

Na yule mama wa mkasi. Kijana alipofika pale, skrini yake ilimpa sehemu za kubonyeza, mojawapo nimeona kitambulisho, nyingine mteja ni wazi amezidi 25, nyingine kataa. Aliangalia uso nusu sekunde akabonyeza ile ya katikati, na ndio jibu lote, hakujua umri wa mama wala hakuhitaji kuujua.